TUJUE MAJINA YAO: KUWAENZI ASKARI WETU WA ZAMANI

Wahenga walinena: asiyejua maana haambiwi maana. Sisi wanafunzi wa siku hizi tunapita mbele ya mambo makubwa kila siku bila kuyajua maana. Uliza darasani ni nani mfungaji bora wa ligi ya Uingereza, mikono itainuka kama msitu. Uliza Keya walikuwa nani, utasikia kimya! Na si ajabu babu mzaa babu wa mmoja wa hao walionyamaza alikuwa Keya.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, na walimu wetu mlio nguzo ya shule hii, nimeshika kalamu nieleze mambo matatu: hao askari wa zamani ni kina nani, kwa nini tuwaheshimu, na sisi hapa shuleni tuna kazi gani juu yao. Neno langu kuu nitalisema mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta. Huwezi kumheshimu mtu usiyemjua. Heshima huanza kwa jina.

Ahadi ya Jiweni

Ukifika Nairobi, pitia Barabara ya Kenyatta. Hapo katikati ya magari na kelele utaona sanamu tatu za watu zimesimama juu ya jiwe. Mmoja ni askari, wa pili ni mpagazi, yaani mchukuzi wa mizigo, na wa tatu ni Mwarabu mwenye bunduki. Zilizinduliwa mwaka 1928, na mchongaji wake alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson. Mombasa nako kuna sanamu za askari, na Dar es Salaam iko Sanamu ya Askari maarufu iliyosimamishwa mwaka 1927. Zote ni kumbukumbu ya Waafrika waliohudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Chini ya sanamu za Nairobi pana maandishi, Kiswahili kikiwemo. Maneno yake yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Ujumbe wake ni kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Ahadi tamu kweli kweli! Lakini hebu zizunguke sanamu zile ukitafuta jina. Hutaliona hata moja. Jiwe limeahidi kwamba majina yatakumbukwa, na lenyewe halikuandika jina la mtu. Hapo ndipo penye kisa chetu chote. Wanaotajwa jiweni kuwa watakumbuka ni “wanao”. Nao ni nani kama si mimi na wewe?

Keya na Kariakor

Jeshi la King's African Rifles liliundwa na Waingereza mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika Mashariki na ya Kati. Herufi zake tatu, KAR, zilipopita midomoni mwa wananchi zikageuka “Keya”. Askari wake wa mwanzo wengi walikuwa Wanubi kutoka Sudan, na Kibera ilitengwa kwa ajili yao na jamaa zao. Jina lenyewe Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Vyeo vya askari hao pia viliingia katika Kiswahili: ombasha, shaushi, efendi. Asili ya maneno hayo ni Kituruki, yakapitia Misri na Sudan hata yakatufikia sisi. Mwanachama wa Kiswahili asiyeyajua maneno haya amepungukiwa na kitu.

Vita vya Kwanza vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Kenya ilipakana na koloni la Wajerumani, Tanganyika. Mara moja Wajerumani waliivamia na kuiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau, nchi kavu isiyo na maji, ili wapate kuwarudisha nyuma. Mwaka 1916 palipiganwa vita vikali katika kilima cha Salaita mwezi wa Februari, kisha Latema na Reata mwezi wa Machi. Hata leo Voi na Taveta yako makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo.

Lakini bunduki haiendi bila risasi, na askari haendi bila chakula. Malori yalikuwa machache, barabara hakuna, na ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Basi mzigo ukawekwa juu ya kichwa cha binadamu. Kikosi cha wachukuzi kiliitwa Carrier Corps, na wananchi wakakiita Kariakor. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwashurutisha watu kuingia humo, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa kupita yote. Machifu walitakiwa watoe vijana. Kijana alikamatwa shambani, akapimwa, akapewa blanketi na namba, akaenda zake.

Mchukuzi alibeba mzigo wa ratili 50 hivi, siku baada ya siku, kwenye mvua na matope, kutoka kwao hadi kusini mwa Tanganyika na hata Msumbiji. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara, malaria na vichomi. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi asioujua, tena pengine haukuiva sawasawa. Tumbo likakataa. Wanahistoria wanakadiria kwamba wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza walifika 95,000 au kuzidi, na sehemu kubwa walitoka Kenya. Hebu fikiria uwanja wa Kasarani umejaa hadi juu, halafu wote wasirudi nyumbani. Hapo idadi hiyo bado hujaifikisha!

Vita vyenyewe vilichelewa kwisha huku kwetu. Ulaya walisimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri tarehe 25 Novemba, majuma mawili baadaye, mahali panapoitwa leo Mbala, nchini Zambia.

Wachukuzi hao walituachia jina. Mtaa na soko la Kariokor, Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, asili ni hiyo Carrier Corps. Watu wananunua vikapu na kula nyama choma pale Kariokor, na wengi hawajui kwamba wanataja jina la kikosi cha marehemu.

Bama na Panyako

Vita vya Pili, 1939 hadi 1945, viliwachukua vijana wengi zaidi. Kutoka Kenya peke yake waliandikishwa watu karibu 98,000. Wengine walikuwa Keya wenye bunduki. Wengine walikuwa mafundi, madereva, wapishi na wauguzi. Wengine waliingia kikosi cha Pioneer, watu wa kuchimba na kujenga, nacho wazee wetu wakakiita Panyako.

Walipigana Ethiopia na Waitaliano hadi Addis Ababa ikatekwa mwezi wa Aprili 1941. Walikwenda Madagascar mwaka 1942. Kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, ikapelekwa Burma, nchi iitwayo leo Myanmar. Wazee waliita Bama. Huko walipambana na Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944. Matope yalifika magotini na homa haikuwa na huruma. Mwezi wa Desemba waliingia Kalewa na kuuvuka mto Chindwin.

Si wote waliofika. Mwezi wa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12 ikapigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hao hawana kaburi, kaburi lao ni bahari. Lakini tofauti na wachukuzi wa vita vya kwanza, majina yao yameandikwa. Yako kwenye Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi.

Jambo moja tusilisahau sisi wapenzi wa lugha. Mjaluo, Mkamba, Mkalenjin, Mluhya, Mganda na Mnyasa walipokutana kambini, waliongea nini? Kiswahili! Kiswahili chao kiliitwa Kikeya, kimenyooka kama amri, hakijali ngeli sana. Magazeti ya Kiswahili yalichapwa kwa ajili yao vitani, na moja liliitwa Heshima. Askari waliporudi makwao walikuja na lugha hii hadi vijiji ambavyo haikuwa imefika. Kwa hiyo tukijivunia Kiswahili, tuwakumbuke na waliokieneza wakiwa na buti miguuni.

“Lakini Si Walimpigania Mzungu?”

Najua yuko mwenzangu anayesoma huku amekunja uso. Atauliza: mbona tuwaenzi watu waliompigania mkoloni? Tena si Keya hao hao walitumwa kupigana na Mau Mau msituni miaka ya hamsini? Swali ni la haki, nami sitalikwepa.

Kwanza, wengi hawakuulizwa. Kijana aliyefungwa kamba mwaka 1917 hakupiga kura kuhusu vita vya wafalme wa Ulaya. Kumkumbuka si kuvisifu vile vita. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Pili, tazama walivyolipwa. Vita vya Kwanza vilipokwisha, mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia wanajeshi wa Kizungu mashamba Kenya, na Wanandi ni miongoni mwa walionyang'anywa ardhi kwa ajili hiyo. Askari Mwafrika hakupewa hata kishamba. Alichoongezewa ni kipande cha kuvaa shingoni, kodi juu na mshahara chini. Familia nyingi za wachukuzi waliokufa hazikupata hata malipo ya marehemu wao. Asante ya punda ni mateke! Sasa na sisi tukiwasahau, tutakuwa tumempokea mkoloni ule mzigo wa dharau na kuendelea kuubeba.

Tatu, vita viliwafumbua macho. Waruhiu Itote alipigana Bama akiwa askari wa Keya. Ameeleza katika kitabu chake jinsi askari Mwingereza alivyomwuliza huko anapigania nini hasa, ilhali nchi yake si huru. Swali hilo lilimkaa moyoni. Aliporudi aliingia msituni, naye ndiye Jenerali China wa Mau Mau. Bildad Kaggia naye alikuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili, baadaye akahukumiwa pamoja na Mzee Kenyatta kule Kapenguria. Walikuwepo Keya waliowinda wapiganaji wa msituni, ni kweli, na walikuwepo wapiganaji waliofunzwa bunduki na Keya. Historia yetu imesokotwa hivyo. Ukivuta uzi mmoja kuutupa, nguo yote inafumuka.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kosa. Ilisema kwamba wahanga wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi huo huo. Tangu hapo tume imekuwa ikitafuta majina katika kumbukumbu za kale hapa Kenya. Baada ya miaka mia moja! Ikiwa wageni wanayatafuta majina ya babu zetu, wajukuu tumekaa tu tukiangalia?

Askari wa Kenya Huru

Tusidhani askari wa zamani ni yule wa Keya tu. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 leo anakaribia au amepita miaka mia moja, kwa hiyo waliobaki ni wachache mno. Walio wengi kati yetu ni askari wastaafu wa Kenya huru. Hao walilinda mpaka wa kaskazini mashariki miaka ya sitini. Walikwenda kulinda amani Namibia, Yugoslavia ya zamani, Liberia na Sierra Leone. Jenerali Daniel Opande, Mkenya, aliongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa Sierra Leone na Liberia. Wanawake pia wamo. Fatuma Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kufikia cheo cha Meja Jenerali, mwaka 2018.

Mwezi wa Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia kupambana na Al-Shabaab. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilivamiwa na wengi wakauawa. Hao si watu wa vitabuni. Ni baba, mama, kaka na dada wa wanafunzi walio shuleni leo. Huenda aliyeketi dawati la pili ni mmoja wao, na hajawahi kumwambia mtu. Kila tarehe 14 Oktoba majeshi yetu huadhimisha Siku ya KDF. Shule nyingi hupita siku hiyo kama siku nyingine yoyote.

Tufanye Nini Shuleni?

Haya basi, maneno matupu hayavunji mfupa. Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

1. Tuulize nyumbani. Likizo ijayo kila mwanachama aulize swali moja: katika ukoo wetu nani alikwenda Keya, Kariakor, Panyako au jeshi la Kenya? Aandike jina kamili, kijiji, mwaka kama unajulikana, na alikokwenda. Pengine iko medali sandukuni. Aghalabu medali za Vita vya Kwanza zimechorwa jina na namba ya mwenyewe pembeni, kwa hiyo izungushe polepole na usome. Msiuze medali kwa bei ya chuma chakavu, jamani!

2. Tujifunze kuuliza kwa adabu. Ukimwendea mzee, mwamkie kwanza, kaa chini, usimkalie na simu usoni. Usimwulize “uliua watu wangapi?” Swali hilo ni utovu wa adabu na linaweza kumwumiza. Mwulize alisafirije, walikula nini, rafiki yake alikuwa nani, walizungumza lugha gani. Akinyamaza, nyamaza naye. Wako waliorudi na majeraha yasiyoonekana. Hawapati usingizi, au wanashtuka mlango ukibamizwa. Mtu wa namna hiyo si wa kuchekwa, wala si wa kuitwa kichaa.

3. Tuwaalike. Penye wazee haliharibiki neno. Mstaafu wa jeshi aliye karibu na shule aletwe katika kikao cha chama. Asije kutangaza vita, aje kueleza nidhamu, safari na gharama yake. Aketishwe mbele, apewe chai, atajwe kwa jina na cheo chake. Chanda chema huvikwa pete, nayo pete yetu ni kumsikiliza.

4. Tuyasome majina. Walimu wetu wa Historia wakipanga safari, tusiishie kwenye mbuga za wanyama. Makaburi ya Barabara ya Ngong yako wazi, na ya Voi na Taveta vilevile. Tukifika, kila mwanafunzi achague jina moja la Mwafrika, alisome kwa sauti, alinakili daftarini. Jumapili ya pili ya Novemba hufanywa ibada ya kumbukumbu huko Ngong, nasi tunaweza kusimama kimya kwa dakika moja hapa hapa uwanjani.

Na chama chetu kifungue daftari moja gumu, si karatasi za kupeperuka, liitwe Daftari la Majina. Kila mwaka toleo la gazeti hili lichapishe majina mapya yaliyopatikana, kwa idhini ya familia. Mwaka wa kwanza tutapata kumi, wa pili thelathini. Wanafunzi watakaokuja baada yetu wataendeleza. Haba na haba hujaza kibaba.

Tamati

Ndugu msomaji, kumheshimu askari wa zamani si kupenda vita. Waliovijua vita ndio aghalabu wanaovichukia zaidi, na ukiwasikiliza utajifunza thamani ya amani kuliko ukisoma vitabu kumi. Wala si kusema kila walilotumwa kufanya lilikuwa jema. Ni kukubali kwamba mtu alibeba mzigo, na kwamba mtu huyo alikuwa na jina, mama na kijiji.

Lile jiwe la Barabara ya Kenyatta limeahidi kwa niaba yetu, na halikutuuliza. Lakini ahadi ni deni, na waliodaiwa ni watoto. Waliotutangulia hawakuilipa yote. Kalamu tunazo, babu na nyanya wachache bado wapo, likizo inakuja.

Basi ukifika nyumbani, kabla hujawasha televisheni, uliza: katika ukoo wetu, nani alikwenda?